Ataolewa na Yule wa Shati la Miraba

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni kwenye mkutano wetu wa kufunga mwaka, sisi tuliolelewa katika kambi za polisi. Waliokosa wameniomba niyaweke yote. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka, pamoja na pale mliponizomea.

Wazee wetu, maafande mliostaafu na mlio bado kazini, mama zangu, ndugu zangu wa kambini, hamjambo?

Hiyo ni sauti ya watu wanaosubiri chakula. Nauliza tena. Hamjambo?

Ahsanteni. Mwenyekiti aliponipigia simu alisema nizungumze juu ya jambo lolote, mradi liwe la kujenga. Nikakubali haraka, kama tunavyokubali mambo ya mwezi ujao. Kisha nikakaa wiki mbili nikilitafuta hilo jambo la kujenga. Kila usiku nilishika kalamu, na kila usiku nilijikuta nimeshika rimoti. Mwishowe nikasema, basi, nitawaambia kuhusu hicho kilichonizuia kuandika. Mwenyekiti, utanisamehe.

Nina jambo la kukiri. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, naibu mkuu wa shule, mama wa watoto watatu, mtu ambaye wanafunzi wakisikia viatu vyake ukumbini wanaficha simu, mimi huangalia zile filamu za mapenzi za Krismasi. Zile za Wazungu, zenye theluji. Na siangalii moja. Kuanzia Novemba mpaka mwaka mpya naangalia mpaka mume wangu anauliza kama bado tunaishi nyumba moja. Mgeni akibisha hodi, nahamisha chaneli. Nimewahi kukutwa na mwenzangu wa kazini nikiangalia kikao cha Bunge kwa makini makubwa, macho yamevimba kwa machozi.

Nani hapa anazijua filamu hizo? Nyosheni mikono.

Mikono minne. Tuko watu sitini na kitu humu, na mikono ni minne, yote ya kina dada. Afande, wewe mwenye kofia, mkono wako ulifika begani ukarudi. Nimekuona.

Sawa. Nitawasimulia filamu moja, nanyi mnisaidie. Kuna dada anafanya kazi katika mji mkubwa, ghorofa ya arobaini, viatu virefu, kahawa mkononi. Ana mchumba. Mchumba huyu kila akiitwa mezani, anafanya nini?

(Anaongea na simu!)

Anaongea na simu. Haya, siku chache kabla ya Krismasi dada anatumwa na bosi wake, au anaitwa na nyanya yake, kwenda mji mdogo alikozaliwa. Anafika, gari linakwama kwenye theluji. Anatokea mwanaume wa kumsaidia. Amevaa shati la namna gani?

(La miraba!)

La miraba. Tena ana mtoto wa kike mwenye meno mawili yaliyong'oka. Mama wa mtoto yuko wapi?

(Alikufa!)

Alikufa, Mungu amrehemu, maana angekuwa hai tungekuwa na kesi. Hapo mjini kuna duka la mikate, au hoteli ndogo, au sherehe ya kuwasha taa za mti, na hicho kitu kinataka kufa kwa kukosa pesa. Dada na yule bwana wanakaa usiku wakipamba biskuti. Nyuso zinakaribiana, zinakaribiana, halafu?

(Mtoto anaingia!)

Anaingia na sinia. Kisha mchumba wa mjini anatokea bila taarifa, bwana wa shati anasikia nusu ya maneno, anakasirika, anaondoka. Mwisho wake?

Mmesema wenyewe. Ataolewa na yule wa shati la miraba.

Sasa nisikilizeni. Mmeiona wapi filamu hiyo? Hamjaiona popote, kwa sababu haipo. Nimeitunga sasa hivi nikiwa nimesimama hapa. Na mlijibu wote, hata nyinyi hamsini na kitu mlioficha mikono. Afande ndiye aliyesema mtoto anaingia, tena kabla ya wengine.

Ndiyo maana watu wanazicheka. Wanasema: filamu gani ambayo hata kipofu anaona mwisho wake? Nami nilikuwa nikicheka pamoja nao mchana, usiku naangalia. Lakini nikaanza kujiuliza. Kama kosa lake ni kwamba mwisho unajulikana, mbona wanaozitengeneza hawajalirekebisha miaka yote hii? Watu hawa si wajinga. Kampuni inayojulikana zaidi kwa filamu hizi, Hallmark ya Marekani, ilianza mwaka 1910 kule Kansas City ikiuza kadi. Kadi za pole, kadi za hongera, kadi za Krismasi. Chaneli yao ya televisheni ilichukua jina hilo mwaka 2001, na mwaka 2009 wakaanza msimu wao rasmi wa Krismasi. Kufikia mwaka 2019 walikuwa wanatoa filamu mpya za Krismasi arobaini kwa mwaka mmoja. Arobaini! Na ni watu wa kadi. Fikirini kidogo: nani amewahi kufungua kadi ya Krismasi akitarajia habari mpya?

Nyingi zinapigwa Kanada, kwa wiki mbili au tatu tu. Na zinapigwa wakati wa joto, kwa sababu lazima ziwe tayari kabla ya Desemba. Kwa hiyo yule dada anayetetemeka ndani ya koti na skafu, anatetemeka mwezi wa saba, jasho linamtiririka mgongoni, na ile theluji ni povu na karatasi na mablanketi meupe. Hata lile sinia la biskuti lina kazi yake. Filamu inakatwakatwa vipande ili matangazo ya biashara yapite katikati. Wakibusiana mapema, mtazamaji ataenda kulala, na sabuni haitanunuliwa. Kwa hiyo mtoto analetwa na sinia. Mimi najua hayo yote. Najua ni povu. Na bado mtoto akiingia na sinia, mimi mtu mzima nasonya.

Kwa nini? Niwapeleke kwenye kibanda.

Desemba 2003 nilikuwa chuoni Kampala. Kaka yangu, wengi mnamjua, alikuwa mteja wa kibanda kimoja cha video karibu na Katwe. Vijana wa leo mnapakiwa filamu kwenye flashi, hamjui raha ya kibanda. Mabenchi ya mbao, kuta za mabati na magunia, televisheni moja juu kama mtakatifu, na pembeni vijee, mtafsiri wa filamu, na kipaza sauti chake. Vijee ndiye filamu. Mzungu anasema maneno matatu, yeye anatoa kumi na tano kwa Kiganda, manane yake ni ya kwake mwenyewe. Wasichana hawakuwa wanaingia pale usiku. Mimi niliingia kwa sababu kaka alikuwa amekula nauli yangu, nami sikutaka kumpoteza machoni.

Jalada la CD lilionyesha mtu mwenye bunduki mbili. Jenereta ikawashwa, taa ikazimwa, na kilichotokea kwenye kioo ni dada mwenye koti jekundu akinunua mti wa Krismasi. Diski za wakati ule, mnakumbuka, jalada lilikuwa ahadi tu. Wanaume wakapiga kelele. Waendesha boda, wachukuzi wa mizigo, wauza mkaa, wote wakidai pesa zao. Mwenye kibanda hakuwa na diski nyingine. Vijee akasema, "Tulieni, mimi nitawapa vita humo humo."

Akaanza. Yule dada akamwita Nakato. Mji mdogo wenye theluji ukawa Masaka. Mchumba wa simu akawa bwana wa Kololo, kule kwa matajiri, na kila alipotokea vijee alimpa namba ya gari na cheo alichopewa na mjomba. Baada ya nusu saa wale wanaume waliodai pesa zao walikuwa wanamshauri Nakato. Mmoja, muuza mkaa, mikono meusi mpaka kwenye viwiko, alisimama kabisa: "Mwache huyo wa Kololo! Huyu wa mti ndiye atakujengea!"

Zikabaki kama dakika kumi. Nakato amekasirikiwa, yuko stendi ya basi na sanduku lake. Jenereta ikakohoa, ikazima.

Giza. Mimi nikasema, tumepona, sasa wataondoka na sisi tutaondoka. Nani angebaki? Hakuna mtu mle ndani asiyejua kinachofuata. Mbuzi aliyefungwa nje alijua kinachofuata. Lakini hakuna aliyeinuka. Watu walikaa gizani, kimya, mpaka sauti moja ikasema, "Vijee, tumalizie."

Naye akatumalizia. Bila picha, bila kipaza sauti. Alimtoa Nakato stendi, akamrudisha kwa boda, akamkalisha kwenye kochi, akaleta kutoelewana kwa pili ambako hata Wazungu hawakukuweka, akakutatua. Aliposema wamekumbatiana, muuza mkaa alipiga benchi kofi akapaaza sauti: "Nilisema! Nilisema mimi!"

Ndugu zangu, yule mtu alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwa mtu aliyeshangazwa. Mtu aliyeshangazwa hushtuka. Yeye alikuwa amesema, na dunia ikamtii. Ni mara ngapi kwa mwaka dunia inamtii muuza mkaa wa Katwe?

Nimeona wazee wawili wanatikisa kichwa, wanasema haya ni mambo ya Wazungu. Hebu ngojeni. Nani hapa hajawahi kuhudhuria kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya bwana harusi kujitambulisha kwa wazazi wa binti? Hata sisi tusio Waganda tumekwenda, tumekaa chini ya hema, tumevaa kanzu za kuazima na gomesi za kubana.

Wageni wanafika getini wamepanga foleni, na vikapu, na mbuzi, na makreti ya soda, gari zima la zawadi. Msemaji wa mwenyeji anawatazama, anauliza: nyinyi ni nani? Mmetoka wapi? Mmepotea? Anauliza hayo akiwa amesimama mbele ya viti mia mbili vilivyofunikwa vitambaa kwa ajili yao! Nyuma ya nyumba luwombo iko motoni tangu alfajiri. Keki imeandikwa majina ya watu wawili. Na msemaji wa wageni, naye mtu mzima, baba wa watu, anajibu kwa unyenyekevu kwamba walikuwa wanapita tu, wakasikia habari njema za boma hili.

Wanapigwa faini kwa kuchelewa. Wasichana wanaletwa, si huyu, si huyu, si huyu. Kisha ssenga, shangazi wa binti, anatumwa kumtafuta bwana harusi katikati ya wanaume waliovaa kanzu zote sawa, anazunguka, anajifanya hamwoni, na sisi tunashika pumzi. Tunashika pumzi kwa ajili ya nini? Bwana harusi picha yake iko kwenye kadi ya mwaliko! Lakini ssenga akimpita mara ya kwanza, hema zima linaguna. Nimemwona profesa akiguna.

Tena nawaambia, kwanjula ambayo mwisho wake haujulikani ni mbaya mno. Nilihudhuria moja ya namna hiyo, ambapo kaka wa binti, yule wa kupokea jogoo, alilewa akaanza kusema anayoyajua. Hatukusema "ah, leo kuna taharuki". Tulitafuta viatu vyetu.

Niruhusuni nitoke njiani kidogo, nitarudi. Watu huniuliza, wewe mtoto wa nchi ya jua, hiyo theluji inakuhusu nini? Mwaka 1988 Baba alihamishiwa Kasese. Mnakumbuka uhamisho: leo barua, kesho lori, magodoro juu na kuku ndani ya kikapu. Wiki ya kwanza tuliona mawingu tu. Siku moja asubuhi nilitoka kuchota maji, mawingu yamefunguka, nikaona juu kabisa, juu kuliko mlima wenyewe, kitu cheupe. Nikamwita Mama. Mama akasema ni chumvi. Kasese kuna Katwe nyingine, ya ziwa la chumvi, akadhani wameipeleka huko juu kukauka. Baba ndiye aliyetuambia ni theluji, na jirani yetu Mkonzo akatucheka, akasema kwao ina jina tangu mababu, nzururu, na milima yenyewe, Rwenzori, imepata jina hapo. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na theluji yake ni ya kweli, si ya povu. Inazidi kuyeyuka. Barafu aliyoikuta yule Mwitaliano wa kifalme, Duke wa Abruzzi, alipokipanda mwaka 1906, sehemu kubwa haipo tena. Kwa hiyo msiniambie theluji hainihusu. Niliichota kwa macho nikiwa na ndoo kichwani.

Nimerudi.

Kuna uongo mmoja katika filamu hizi ambao siusamehi. Yule dada anarudi kijijini kwao Krismasi, siyo? Nasi tunarudi. Wiki ya Krismasi Kampala inahama, mabasi ya Mbale, ya Gulu, ya Mbarara yanapandisha nauli mpaka unajiuliza kama unanunua kiti au basi. Kisha unafika nyumbani. Nani anakupokea? Kila mtu! Na kila mtu anasema neno moja: Krismasi yangu iko wapi? Shangazi, Krismasi yangu. Mwalimu wa darasa la pili, Krismasi yangu. Mtu uliyegombana naye mwaka 1996, Krismasi yangu. Yule dada wa ghorofa ya arobaini anashuka kwenye gari na koti la thamani ya ng'ombe wawili, na mji mzima unamkaribisha kwa chokoleti ya moto, hakuna hata mmoja anayemwomba ada ya shule! Hapo ndipo ninapojua ni povu. Mapenzi ya siku tano ninayaamini. Hilo siliamini.

Tuzungumze juu ya kuona haya. Kwa nini nilikuwa nahamisha chaneli? Mume wangu, aliyekaa pale akijifanya anasoma ratiba, ni mshabiki wa Arsenal. Hafichi. Ana jezi, ana kikombe, ana taulo. Misimu mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, timu yake ilimaliza ya pili. Kila Agosti alinieleza kwa nini safari hii ni tofauti, na kila Mei nilimpikia uji. Na hakuna aliyewahi kumwambia aone haya. Mimi ninayejua kuwa dada wangu ataolewa, na kweli anaolewa, ndiye ninayejificha? Nani kati yetu ana akili?

Mama zangu mnacheka. Nyinyi vijana wa kiume mnaniangalia kama hamkusikia. Yakipendwa na wanawake baada ya kuosha vyombo, yanaitwa upuuzi. Haya, tuendelee, sikuja kugombana.

Desemba 2017 kampuni ya Netflix iliandika mtandaoni kitu ambacho sijakisahau. Walisema kuna watu 53 waliotazama filamu yao moja ya Krismasi, ya mapenzi na mwana wa mfalme, kila siku kwa siku kumi na nane. Wakawauliza watu hao: nani aliwaumiza?

Ulikuwa mzaha. Dunia ikacheka, na wengine wakauliza kwa nini kampuni inachungulia sebule za watu. Mimi nilisoma maneno hayo nikiwa nimeketi kando ya Mama, na sikucheka.

Wengi wenu mnamjua Mama. Baba Mteso, Mama Msamia, nyumbani Kiswahili, kama nyumba zenu nyingi. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, mawaziri wakaja kulikumbuka jambo hilo mwaka 2022, lakini sisi tulikuwa tunakiombea chumvi kwa jirani tangu zamani. Tulikaa Nsambya, kambi ya polisi ya Kampala, katika zile nyumba za bati za duara, zenye mlango mfupi mpaka zikaitwa mama-ingia-pole. Mama aliingia pole miaka kumi na minne.

Mwezi wa saba mwaka 1985, serikali ilipopinduliwa, Baba alitoka asubuhi kwenda zamu. Nilikuwa na miaka minane. Jioni Mama alipakua chakula chake, akakifunika kwa sahani nyingine, akakiweka pale pale. Usiku hakurudi. Asubuhi tulikula sisi kile chakula. Jioni akapakua tena, akafunika tena. Siku ya tatu mama mmoja wa nyumba ya nne aliletewa kofia ya mume wake, kofia tu. Mama akapakua, akafunika. Baba alirudi siku ya kumi na moja, akaingia pole, akauliza kama kuna maji ya kuoga.

Mama zangu mlio humu, sitaki kuwakumbusha yasiyokumbushwa. Naona mama wa pembeni ameshaelewa. Kila zamu ilikuwa hivyo, siyo ile moja tu. Miaka na miaka.

Baba alipofariki, mwaka 2016, kwa ugonjwa, kitandani, mzee, Mama akahamia kwangu Jinja. Presha ilikuwa inamsumbua, hapati usingizi. Nikaona nimwekee filamu. Kwa kuwa mimi ni msomi, nilimwekea filamu nzuri, ya maana, iliyosifiwa. Kijana anaaga mke wake, anakwenda vitani. Mama hakujua Kiingereza sana. Akaniuliza, "Huyu atarudi nyumbani?"

Nikamjibu kwa kiburi cha mtu aliyesoma: "Sijui, Mama. Ndiyo utamu wake. Tuangalie."

Akasema, "Zima."

Nikazima. Tukakaa. Sikujua nimwambie nini. Nikabonyeza rimoti tu, nikaangukia dada mwenye koti jekundu. Mama akatazama kidogo, akauliza tena, "Na huyu?"

"Huyu ataolewa na yule wa shati."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mama."

Akavua viatu, akapandisha miguu kwenye kochi.

Toka usiku ule nikawa vijee wa mtu mmoja. Nilimtafsiria kila kitu, na nilipochoka nilitunga. Yule wa shati la miraba Mama akamwita Konstebo, katika kila filamu, hata akiwa mwokaji mikate, hata akiwa mwana wa mfalme. Mchumba wa simu alikuwa Inspekta. Nyanya wa mji mdogo alikuwa mke wa OC, mkuu wa kituo, nanyi mnajua kwa nini, sitafafanua. Tulimaliza Desemba ile, tukaendelea Januari, tukaangalia Krismasi mpaka Pasaka. Watoto wangu walidhani runinga imeharibika. Watu 53 siku kumi na nane? Sisi tuliwapita.

Na niwaambie jambo. Katika filamu zote zile, Mama hakuona mwisho hata mmoja. Zilipobaki dakika kumi, dada yuko na sanduku lake barabarani, Konstebo amekasirika, muziki umekuwa wa huzuni, pale ambapo wengine tunakaza macho, Mama kichwa kilianguka. Aliyekuwa halali kwa presha alikuwa analala usingizi mzito kama mtoto. Wakati mwingine alifungua jicho moja.

"Wameshaoana?"

"Bado, Mama."

"Basi niamshe."

Sikumwamsha hata siku moja.

Alituacha mwezi wa tatu, mwaka juzi. Wengi wenu mlikuja kumzika, ahsanteni. Desemba iliyofuata nilikaa mbali na runinga mpaka tarehe ishirini hivi. Usiku mmoja nikaiwasha. Koti jekundu, gari limekwama, nikasikia mtu anaongea sebuleni, "Huyo sasa ndiye Konstebo, ana mtoto, mke wake alikufa." Ni mimi. Nilikuwa natafsiri, kwa sauti, na kochi ni tupu.

Mume wangu akatoka chumbani, akauliza naongea na nani. Sikujibu. Huyu bwana wa Arsenal, ambaye miaka yote alikuwa akipita mbele ya kioo akisema "atamwoa" na kuendelea na safari ya jikoni, akasimama. Akaketi mahali pa Mama. Akauliza, "Inspekta ameshafika?"

Nikamwambia yuko njiani, anaongea na simu.

Tukaangalia. Zilipobaki dakika kumi alikuwa anakoroma.

Haya, mama wa jikoni wananipungia mwiko kutoka kule mlangoni. Afande wa kofia, wewe tangulia foleni, halafu uniambie ulizionea wapi.